Transfa ya Landrova 110 iliyotoka jeshini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Landrova 110 za jeshi zinapofika mnadani huwa na chesi nzima na bodi ngumu, na mnunuzi hufurahi akiona injini imewaka kwa mara ya kwanza. Wiki mbili baadaye anakuja gereji: gari linalia chini ya sakafu, linadondosha oili, au limegoma kwenda kabisa. Mara nyingi kidole kinanyooshewa transfa. Nimekuwa chini ya magari haya Arusha kwa miaka mingi, na maswali ninayoulizwa ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa kwa mdomo kila siku.

Kabla ya yote, naomba ushike jambo moja: usinunue transfa nyingine mpaka ujue ni kitu gani hasa kimekufa. Nimeona pesa za ada ya watoto zikiingia kwenye transfa, na ugonjwa ukabaki pale pale kwa sababu haukuwa humo.

Transfa kazi yake nini?

Ni boksi la gia lililofungwa nyuma ya giaboksi. Linapokea nguvu kutoka giaboksi na kuigawa kwa propela ya mbele na ya nyuma, yaani mashafti marefu yanayopeleka nguvu kwenye ekseli. Tangu 110 ilipotoka mwaka 1983, tairi zote nne zinasukuma muda wote, na ndiyo maana ndani ya transfa kuna difu yake ya katikati, ile inayoziruhusu propela mbili kuzunguka kwa kasi tofauti. Liva fupi iliyo pembeni ya liva ya gia ina H kwa mwendo wa kawaida na L kwa nguvu. Ukiisukuma kwa upande, unafunga ile difu ya katikati. Transfa hii inaitwa LT230, na imeendelea kufungwa kwenye gari hizi mpaka uzalishaji wake uliposimamishwa Uingereza mwezi wa Januari 2016. Hiyo ni habari njema kwako, maana spea zake bado zipo.

Gari linalia. Nitajuaje kama ni transfa, giaboksi au difu?

Anza gari likiwa limesimama. Weka giaboksi huru, washa injini, achia klachi. Sasa hivi transfa haizunguki, kwa hiyo ukisikia mlio hapo, angalia giaboksi au beringi ya klachi.

Hatua ya pili watu wengi hawaijui. Weka vizuizi kwenye tairi, vuta hendibreki, weka liva ya transfa katikati ya H na L, kisha ingiza gia ya nne. Gari halitakwenda, lakini gia za kuingizia nguvu na gia za kati za transfa zinazunguka. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha yake kwenye boksi la transfa na mpini wake kwenye mfupa wa sikio. Beringi nzima inatoa sauti laini kama upepo. Beringi iliyokufa inasikika kama kokoto zinazotikiswa kwenye debe. Sogeza ncha mbele, nyuma na chini, na utaona sauti inakua unapokaribia palipoharibika.

Kama hapo pametulia, ingia barabarani. Mlio unaofuata mwendo wa gari, usiobadilika kwa kubadilisha gia, na unaobaki vile vile hata kwenye gia ya nne, unatoka transfa au difu za mbele na nyuma. Tafuta sehemu ya vumbi, tembea kwa L. Kama wimbo wa mlio umebadilika, iko transfa. Kama haujabadilika, kagua difu za mbele na nyuma.

Fundi, naingiza gia, naachia klachi, gari haliendi hata kidogo. Transfa imekufa?

Swali hili ndilo linalowaumiza watu pesa nyingi, kwa hiyo nitakaa nalo.

Kwanza ingiza loki ya difu ya katikati, ujaribu tena taratibu. Gari likienda, transfa yako ni nzima. Imekatika shafti ya tairi, au flenji (bamba la kufungia kwa bolti) ya kwenye habu imelika meno, mbele au nyuma. Difu ya katikati ikiwa huru, nguvu yote inakimbilia upande uliokatika na gari linabaki limesimama. Ukiifunga, upande mzima unavuta. Angalia pia mshale wa spidomita, kwa sababu kebo yake inaanzia nyuma ya transfa, penye propela ya nyuma. Gari limesimama na mshale unapanda? Tatizo liko kwenye ekseli ya nyuma.

Kama hata na loki gari halisogei, na klachi unajua ni nzima, mshukiwa wangu wa kwanza ni mahali ambapo shafti ya giaboksi inaingia kwenye gia ya transfa. Shafti ile ina meno kuizunguka, na yanaingia ndani ya gia yenye meno kama hayo. Kwenye transfa za zamani oili haikuwa inafika pale vizuri. Meno yanasagana makavu mwaka baada ya mwaka mpaka yanakuwa membamba kama wembe, halafu siku moja yanapita. Transfa za baadaye ziliwekewa gia iliyotobolewa matundu ya kupitisha oili mpaka kwenye meno, na tofauti ya umri ni kubwa.

Kuthibitisha, huna haja ya kushusha chochote. Nyuma ya transfa kuna kifuniko cha mviringo. Kifungue, umulike tochi. Injini ikiwa imezimwa, giaboksi kwenye gia ya kwanza na transfa ikiwa huru, jaribu kuizungusha ile gia. Ikizunguka wakati shafti katikati yake imetulia, meno yamekwisha. Ukikuta unga mwekundu kama kutu iliyosagwa, ujue yanakufa hata kama gari bado linakwenda. Dalili ya mapema ni ule mgongano wa "taa!" kila unapoachia na kukanyaga mafuta.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Zamani nilifunga transfa ya mkononi, nzuri kabisa, kwenye gari la mzee mmoja wa Longido bila kuangalia meno ya shafti ya giaboksi. Gia mpya ilishikana na shafti iliyokwisha lika. Haikumaliza wiki tatu. Nilimrudishia fedha ya ufundi, lakini siku alizopoteza sikuweza kumrudishia. Tangu siku hiyo tochi inaingia pale kabla ya mazungumzo ya bei.

Dawa yake ni kufungua giaboksi na kuweka shafti nyingine pamoja na gia ile ya matundu. Wapo wanaochomelea gia kwenye shafti kupitia tundu la nyuma. Naelewa mtu aliyekwama njiani, lakini moto unaua ugumu wa chuma, na siku ukitaka kutenganisha transfa na giaboksi haviachani.

Inavuja oili. Nibadilishe sili?

Subiri kwanza. Transfa ina mpira wa kupumulia unaopanda juu. Ukiziba kwa tope au nyigu wakajenga ndani, hewa ya moto haina pa kutokea na inasukuma oili kupitia kila sili. Uchomoe, upulize. Nimeponya magari kadhaa kwa pumzi tu.

Kama mpira uko wazi, safisha boksi lote kwa brashi na dizeli, likauke, uendeshe kilomita kama 20, halafu lala chini uangalie njia ya oili inaanzia wapi. Ikitoka kwenye flenji za propela, hizo ni sili za kawaida na hubadilishwa bila kushusha transfa. Angalia tu kama flenji yenyewe haijachimbwa mtaro na sili ya zamani.

Ikitoka kwenye ncha ya shafti ya kati, upande wa chini, hiyo ni habari nyingine. Shafti ile imekaa ndani ya matundu mawili ya boksi la alumini na inazuiwa oili kwa oringi, yaani pete za mpira. Ikianza kucheza inalila boksi lenyewe, na tundu linakuwa yai. Utaweka oringi mpya leo, mwezi ujao inavuja. Boksi la namna hiyo hupelekwa kerezo, likatanuliwa na kuwekewa bushi, au linatupwa.

Kuna uvujaji mwingine usioonekana nje. Giaboksi za LT77, zilizofungwa kwenye 110 nyingi, hutumia oili nyepesi nyekundu, ile ya giaboksi za otomatiki, wakati transfa hutumia oili nzito. Ukifungua nati ya kujazia ya transfa ikamwagika nyingi, nyepesi, yenye wekundu, huku giaboksi imepungua, sili iliyo kati yao imekufa. Ukiendelea hivyo giaboksi itakauka huku wewe ukiona sakafu ya gereji safi.

Nirekebishe hii niliyonayo au nitafute nyingine?

Kama boksi ni zima na gia hazijamenyeka, rekebisha. Beringi, sili, oringi na gasketi zinapatikana. Ila anayeifunga lazima ajue kupima mkazo wa beringi za gia za kati. Kuna spesa inayojibana wakati nati inakazwa, nayo hutumika mara moja tu. Fundi akikuambia atarudisha ile ile ya zamani, mshukuru na uende zako. Kama gia zimemenyeka, difu ya katikati imekula pini zake, na tundu limekuwa yai, vyote pamoja, tafuta nyingine.

Nimepata transfa ya Landrova Discovery kwa bei nzuri. Itakaa?

Kwenye bolti itakaa. Kwenye mlima ndipo utakapojuta. Kwenye H, transfa ya Discovery ina uwiano wa 1.222, yaani gia ya kuingizia nguvu inazunguka mara 1.222 flenji ya propela ikizunguka mara moja. Za Defender, jina la baadaye la gari hizi hizi, zilizozoeleka ni 1.41, na 110 nyingi za mwanzo zenye silinda nne zilikuwa na 1.667. Ukitoa ya 1.667 na kuweka ya 1.222, kwa mwendo ule ule injini itazunguka chini kwa zaidi ya robo. Kwenye lami tambarare utafurahia utulivu. Lakini gari la jeshi lenye dizeli ya lita 2.5 isiyo na tabo, likiwa na mzigo, likipanda ule mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu, litakuomba gia ya pili pale lilipokuwa linakwenda na ya tatu. Kwa injini ile mimi sishauri. Kwa injini ya Tdi, ile ya dizeli yenye tabo, inavumilika.

Usiamini maneno ya muuzaji kuhusu uwiano, hesabu mwenyewe. Weka transfa kwenye H, funga loki, piga alama ya chaki kwenye flenji na kwenye gia ya kuingizia nguvu. Zungusha flenji mara 10. Gia ya ndani ikizunguka mara 12 na kidogo, ni ya Discovery. Ikifika 14, ni ya 1.41. Ikikaribia 17, ni ile ya zamani. Usisahau loki, bila hiyo hesabu itakudanganya.

Spidomita haitaharibika kwa kubadilisha uwiano, kwa sababu inasoma baada ya gia, mradi kigia chake kiwe kile kile. Liva na vyuma vya hendibreki tumia vyako. Na uangalie kama ina sehemu ya kuunganisha liva ya loki, maana za Discovery 2 nyingi hazina. Huko porini transfa isiyofunga difu haikufai.

Nikienda kununua ya mkononi, niangalie nini?

Nenda na tochi, spana na kitambaa cheupe, iwe ni Unga Limited ya Arusha, Gerezani ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi. Fungua nati ya kumwagia, pokea matone kwenye kitambaa. Unga wa kijivu ni uzee wa kawaida, vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni gia. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imekunywa maji. Omba ufungue bamba la chini, maana ukishalitoa gia za kati zote unaziona. Muuzaji akikataa, ondoka. Sukuma na kuvuta flenji zote mbili: zikicheza kwa kuingia na kutoka, beringi zimelegea. Ingiza H, L na loki, kila moja ikubali. Halafu angalia kama kuna doa la oili lililoganda kwenye ncha za shafti ya kati.

Kazi ya kubadilisha inafanywaje?

Watu wawili wenye vifaa wanamaliza kwa siku moja. Peke yako usijaribu, transfa ina uzito wa mfuko wa saruji na zaidi kidogo, nayo inaning'inia juu ya kifua chako.

Mwanzo wa kazi ni mawe. Nasema hivi kwa sababu hendibreki ya gari hili haikamati tairi, inakamata ngoma iliyo nyuma ya transfa, na nguvu yake inafika kwenye tairi kupitia propela ya nyuma. Dakika unapofungua propela ile, gari halina breki ya kulizuia, hata kama liva umeivuta mpaka juu. Gia nayo usiitegemee. Kijana wangu mmoja alitoa nati ya mwisho ya propela kwenye uwanja ulioinama kidogo tu, gari likaondoka juu yake. Aliokolewa na kulala sambamba na chesi. Kwa hiyo weka mawe makubwa au magogo mbele na nyuma ya tairi, kila upande, kabla hujashika spana.

Toa waya wa betri. Mwaga oili ikiwa ya moto. Toa kiti cha katikati na bamba la sakafu ili uone juu ya transfa. Propela zimefungwa kwa nati zinazotaka spana ya 9/16. Usilazimishe spana ya milimita iliyo karibu, utaviringisha nati na kulia. Piga alama flenji zirudi zilivyokuwa. Kisha fungua kebo ya spidomita, waya wa taa ya loki, kebo ya hendibreki, vyuma vya liva, bomba la ekzosi la mbele, na ile boriti ya chesi inayopita chini.

Sasa weka jeki mbili, moja chini ya transfa na nyingine chini ya giaboksi, maana maunti zinazobeba sehemu hii ya nyuma utazifungua. Kati ya bolti zinazoshika transfa na giaboksi, ya juu ndiyo ya machozi. Ifikie kwa juu kupitia ndani ya kabini, kwa ekstensheni ndefu. Zikishatoka, transfa inavutwa nyuma moja kwa moja mpaka shafti itoke, ndipo ishuke.

Kurudisha ndiko kunakohitaji subira. Tafuta bolti tatu ndefu za M10, zikate vichwa, zifunge kwenye giaboksi kama reli. Transfa inateleza juu yake na kunyooka yenyewe. Funga solotepu kwenye meno ya shafti ili yasikate sili mpya inapopita, ukikumbuka kuitoa kama imebaki mahali inapoonekana. Ikigoma sentimita ya mwisho, usiivute kwa bolti. Zungusha flenji ya nyuma polepole gia ikiwa imeingizwa, meno yakutane, itaingia kwa mkono.

Oili gani, na kiasi gani?

EP90, oili nzito ya gia. Gari liwe limesimama tambarare, jaza kwenye nati ya pembeni mpaka ianze kutoka, funga. Usizidishe.

Yangu ni Landrova 109 ya zamani, au lori kubwa. Haya yananihusu?

Kwa 109, sehemu ndogo tu. Ile haina difu ya katikati. Tairi za mbele unaziingiza wewe kwa kifundo cha njano, na L kwa liva nyekundu. Vipimo vya mlio vinasaidia, lakini kushusha ni kazi tofauti. Na 110 za V8 za mwanzo zenye gia nne zina giaboksi na transfa ndani ya boksi moja, kwa hiyo LT230 haiingii pale.

Kwa malori kama M35 la Marekani, transfa imekaa peke yake kwenye chesi, ikiunganishwa na giaboksi kwa propela fupi. Kushusha ni rahisi kwa mpangilio ila ni nzito mno. Tumia winchi.

Propela imekatika porini. Naweza kurudi nyumbani?

Unaweza. Toa propela iliyokatika yote, funga loki, tembea taratibu. Bila loki gari halisogei. Kama uliyoitoa ni ya nyuma, kumbuka mawe kila unaposimama.

Kwa nini transfa niliyofunga juzi imeanza kugonga tena?

Twende tukaangalie tairi. Watu hununua mbili mpya, huziweka nyuma, na mbele wanaacha zilizokwisha, au saizi tofauti kabisa. Kwenye gari hili tairi za mbele na za nyuma zisipolingana, difu ya katikati inazunguka bila kupumzika kila mita unayotembea, mpaka washa na pini zake zinasagika. Sababu ya pili ni kutembea kwenye lami loki ikiwa imefungwa. Taa ikigoma kuzima baada ya kutoa loki, rudi nyuma mita chache, usukani ukiwa umenyooka, itaachia.

Baada ya kilomita 1,000 za kwanza mimi humwaga oili yote na kuweka mpya, hata kama transfa iko kimya. Leta gari likiwa limetoka safari, bado la moto, na uje na muda wa kukaa: nataka tuiangalie ile oili pamoja kwenye karai.